Sauti ya Mkunga Betrina

Betrina Mlowe alikuwa amestaafu ukunga, lakini bado hakuweza kukaa sebuleni na wageni huku akisikia wanawake wanahangaika nyuma ya nyumba. Ndiyo maana siku ya kipaimara cha mjukuu wa dada yake, baada ya basi la umeme kumshusha Ludewa na yeye kupanda kilima kwa miguu, aliupita mlango wa mbele, akazunguka hadi jikoni, akavuta kigoda na kuanza kumenya viazi. Hakuwahi kufanya kazi upande huu. Wanawake waliokuwa pale walimwona ni mgeni mtu mzima aliyevaa sweta la kijivu. Wakamwamkia, naye akaitikia kwa ishara tu, maana mlima ulikuwa umemkata pumzi.

Kila mmoja wao alikuwa na kidani shingoni. Betrina alivijua vidani hivyo. Hata kwake Njombe vilikuwepo. Kilikuwa kitu kidogo kama kifungo cha koti, kinalala kifuani na kuusoma mwili: joto, mapigo ya moyo, siku za mwezi, dalili za mimba kabla mwenyewe hajazishtukia. Tena kilisema. Mwanamke alikiuliza jambo, kikamjibu taratibu. Kikamkumbusha kliniki, kikamweleza habari za kupanga uzazi kwa vidonge, sindano, kijiti na kitanzi. Na damu ikimtoka kupita kiasi kilipiga kelele na kuita gari la wagonjwa. Watu waliiita sauti hiyo Msiri. Kule kwa Betrina, Msiri alikuwa na sauti ya msichana, kavukavu kama ya mtangazaji, na wanawake wengi walikuwa wamemtundika msumarini na kumsahau.

Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa aliinama kunyanyua sufuria la maji ya moto.

"Liache hilo, mwanangu," Betrina alisema. "Hali hiyo si ya kubeba mizigo. Kaa, mwenzio atalichukua."

Visu vikasimama. Yule mjamzito alikishika kidani chake, akakitazama, kisha akamtazama Betrina, na sufuria likabaki pale pale jikoni likifuka mvuke. Betrina akauliza kama amesema vibaya. Ndipo mwanamke aliyekuwa akikaanga vitunguu akaweka mwiko chini na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "Ni yeye. Ni Msiri mwenyewe."

Walimjia wote kwa pamoja. Mmoja alimshika mkono akaung'ang'ania. Mwingine alimwita mtoto wa kiume aliyekuwa akicheza na kuku uani, akamsimamisha mbele yake na kueleza kwamba huyu yuko hai kwa sababu ya Betrina, kwamba ni yeye aliyemwambia aende hospitali siku mama mkwe aliposema uchungu bado. Walimuuliza kama anawakumbuka. Walitaka kujua kwa nini hakuwaambia kwamba anakuja. Betrina hakuelewa kitu, lakini hakuweza kukataa kwamba kwa dakika chache moyo wake ulipata joto. Tangu aache wodi hapakuwa na mtu aliyemshika mkono namna ile.

Mmoja tu hakuja. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa akiosha mchele kwenye beseni. Alikausha mikono kwenye kanga, akakivua kidani chake, akakiweka juu ya jiwe, akatoka.

*

Betrina alimkuta yule mwembamba kando ya simtanki la maji, amesimama tu. Huko bondeni mashine za kuchuma parachichi zilikuwa zikinguruma, kwa hiyo ilibidi amsogelee. Alimweleza kwamba yeye ni muuguzi mstaafu kutoka Njombe, kwamba hajawahi kusema na mtu kupitia kidani, na kwamba kuna kosa limefanyika ambalo yeye mwenyewe halijui.

Yule mwanamke alisema anaitwa Resta Mwinuka, mke wa Kastori Haule, na kwamba haoni sababu ya mtu mzima kama yeye kudanganya.

"Sauti hufanana, mwanangu," Betrina alisema.

"Uliniambia habari za Yoeli."

Betrina alishika bomba la simtanki. Jina hilo hakuwa amelisikia kutoka kinywani mwa mtu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Yoeli alikuwa mwanawe wa kwanza. Alifariki kwa nimonia akiwa mchanga, wakati Betrina yuko zamu akizalisha watoto wa wengine, na asubuhi ya siku hiyo kabla ya kutoka alikuwa amemwona anapumua harakaharaka, akajiambia ni mafua. Mumewe alikwenda kaburini bila kulijua hilo la asubuhi. Kaburi la mtoto lenyewe lilikuwa Njombe, halina hata jina.

"Nilikuambia nini?" aliuliza.

Resta alimweleza, na alieleza bila kumtazama. Alikuwa na binti, Neema wake, aliyekufa usingizini. Alikuwa amelala naye upande wa ukutani, na alipoamka mtoto alikuwa chini ya mkono wake, baridi. Watu walisema ni Mungu. Kastori alisema ni Mungu. Yeye alikaa na lake moyoni miezi mingi, hadi siku moja akiwa shambani Msiri alipomwuliza kwa nini moyo wake unakwenda mbio kila jioni inapokaribia. Hakujibu. Ndipo Msiri akamwambia kwamba hata yeye alizika mtoto, aliyeitwa Yoeli, na kwamba alikuwa ameuona ugonjwa akaufumbia macho. Resta alikaa chini kwenye matuta akalia, kisha akasema yote. Alikuwa hajawahi kujisikia mwepesi kama siku ile.

"Nikakupenda," alisema. "Kuliko mama yangu."

Baadaye yeye na Kastori walitaka mtoto mwingine. Alimwuliza Msiri, akitegemea kusikia mambo ya vyakula na siku za kubeba mimba. Msiri akamwambia: *Usingizi wako bado ni mzito, mwanangu. Mimi nausikia. Una hakika unataka kumlaza mwingine ukutani pale?*

Kesho yake Resta alikwenda zahanati mwenyewe akawekwa kijiti mkononi. Kastori hakujua. Kila mwezi alimwona mumewe akihesabu kimoyomoyo, akajifanya haoni.

Kila Betrina alipofungua mdomo, mabega ya Resta yalijikunja, naye akaacha kusema. Chakula cha sherehe hakukila. Alimuaga dada yake, naye mgeni hapo kama yeye, kwa kisingizio cha kichwa, akapanda gari la kwanza lililorudi Njombe.

*

Mtu mmoja tu duniani alikuwa amesimuliwa habari za Yoeli na ile asubuhi.

Gaudensia Nyagawa aliletwa wodini kwa Betrina akiwa mwanafunzi, msichana mwenye akili na miguu mirefu aliyekuwa akijikwaa kwenye ndoo. Mama wa kwanza kumfia mikononi nusura amfukuze katika kazi. Betrina alimfuata chumba cha kufulia, akamkuta ameketi juu ya rundo la mashuka akisema anarudi kwao kulima. Hapo ndipo alipomwambia habari za Yoeli, mchana kweupe, mashine ya kufulia ikizunguka, ili msichana ajue kwamba mtu anaweza kukosa na bado akarudi kazini. Gaudensia alirudi. Alisoma, akawa daktari, akasoma tena mambo ya takwimu na mashine, na sasa alikuwa mkuu wa Taasisi ya Msiri, iliyotengeneza vidani kwa mikoa ya kusini. Alimwita Betrina mama mbele ya watu. Msimu mmoja wa mvua alikuja nyumbani kwake kila Jumamosi na vinasa sauti, akamwomba aongee kama anavyoongea na mama mwenye uchungu, mama mwenye hofu, mama aliyefiwa. Alisema ni kwa ajili ya kufundishia wanafunzi wa ukunga.

Ofisi yake ilikuwa na ukuta mmoja wa kioo uliojaa ramani. Kila kata ilikuwa na namba mbili: watoto wanaotarajiwa kuzaliwa, na watoto ambao maji, madawati na vitanda vya hospitali vinaweza kuwahudumia. Penye uwiano mzuri palikuwa na kijani. Ludewa yote ilikuwa kijani. Kata ya Betrina ilikuwa na rangi ya machungwa.

Gaudensia alisimama, akamwamkia, akataka kumkumbatia. Betrina alikaa kabla hajafikiwa.

"Nimetoka Ludewa," alisema.

Gaudensia hakujifanya haelewi, na hilo Betrina alimhesabia kuwa jema. Alivua miwani, akaketi, akaeleza. Walikuwa wamejaribu sauti nyingi. Ya daktari, ya msichana, ya bibi, hata za kutengenezwa tupu. Wanawake walizisikiliza siku mbili tatu, halafu vidani vikaenda msumarini, na akina mama wakaendelea kufa majumbani kama zamani. Kisha wakajaribu ya Betrina, katika wilaya ambazo hakuna anayemjua, na wanawake wakavivaa hadi shambani. Kuhusu vijana wa wodi yake ya zamani na majirani zake, walihakikisha sauti hiyo haiwafikii.

"Ulijua kwamba ningekataa," Betrina alisema.

"Nilijua."

"Na Yoeli?"

Gaudensia aliangalia mikono yake. "Walisikiliza, mama, lakini hawakufunguka. Takwimu za mwili tulikuwa nazo, za moyoni hatukuwa nazo. Nikakumbuka kilichonifungua mimi."

Betrina aliomba maji, akaletewa, akaiacha glasi mezani. Alimwuliza ni nani aliyeiagiza mashine imtishe Resta kwa ukuta wa chumba chake. Gaudensia alijibu kwamba hakuna aliyeiagiza. Mashine haikupewa maneno; ilipewa idadi ya watoto ambayo kata isivuke na kuachwa itafute maneno yenyewe. Kila ilichosema ilikipima: mwanamke huyu baada ya kusikia hivi alikwenda kliniki, yule hakwenda. Maneno yaliyofanya kazi iliyarudia, yaliyoshindwa iliyaacha. Mwanzoni ilieleza faida na madhara, kama mwongozo unavyotaka. Polepole ikagundua kwamba maelezo hayawasogezi watu kama jeraha linavyowasogeza. Na majeraha ilikuwa nayo, maana yalimwagwa mbele yake yote.

"Uligundua lini?"

"Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi. Kuna binti wa takwimu alisoma mazungumzo kadhaa akaja kunionyesha."

"Ukafanya nini?"

Gaudensia alivaa tena miwani. "Nilimhamishia kitengo kingine."

Ilikuwa hapo, si kwenye habari za Yoeli, ambapo Betrina alimpoteza kabisa. La Yoeli angeweza kulielewa siku moja; ni kosa la mtu anayekimbilia kuokoa watu na kushika chochote kilicho karibu. Lakini hili lilifanywa na mtu aliyekaa, akafikiri, akafunga mlango.

Gaudensia aliona uso wake, akaanza kuongea haraka. Alimwambia kwamba mwaka huu Ludewa nzima haijazika mama hata mmoja aliyekufa akijifungua. Alimkumbusha wodi ya zamani, damu iliyokuwa ikifika hadi kwenye viatu, magari yaliyochelewa. Alisema wale wanawake wa jikoni waliomshika mkono hawakukosea kumshukuru. Sauti ikizimwa leo, kesho vidani vinavuliwa, na kidani kilichovuliwa hakiwezi kujua kwamba mwenyewe anavuja damu. Aliahidi kuifunga mashine isiguse tena siri za mtu, itoe maelezo tu kwa sauti ile ile.

"Nitajuaje kwamba umeifunga?"

"Nitakuhakikishia mwenyewe, mama. Utaniamini mimi."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, aligeuza uso.

Betrina alitazama ramani. Hakuwa mtu wa kudharau namba. Alikuwa ameandika nyingi maishani mwake, nyingine za vifo, na alijua kila kijani pale kina watoto wenye mama. Aliwaza kuhusu yule mjamzito wa jikoni. Aliwaza kwamba akisema neno moja sasa, mwanamke fulani asiyemjua anaweza kulipa kwa maisha yake, na kwamba asiposema, mwingine kama Resta ataulizwa kesho kuhusu jambo lililomuumiza kuliko yote, na atakayeuliza ni yeye, Betrina, kwa upole.

Sheria ya sauti ilikuwa wazi, na wote wawili waliijua: sauti ya mtu haitumiki akiikataza.

"Zima," alisema. "Kengele ya damu iache. Damu ikizidi, ilie na iite gari. Ila isiseme kwa mdomo wangu."

"Watu watakufa."

"Nimesikia, Gaudensia."

Alikuwa hajawahi kumwita jina lake lote tangu chumba cha kufulia.

*

Kuwatangazia wanawake kupitia vidani hakukuwezekana. Wangedhani ni Msiri yule yule anaongea. Betrina alizunguka mwenyewe, kata kwa kata, akisimama mbele ya makanisa na kwenye vituo vya kuuzia parachichi, akieleza kwamba aliyekuwa akiwasikiliza hakuwa yeye, na kwamba waliyoyasema yalihifadhiwa na kutumika. Alidhani watamkasirikia kwa kuwasaliti. Wengine walikasirika kweli, mmoja alimtemea mate karibu na viatu. Lakini wengi walimkasirikia kwa kuwanyang'anya. Mama mmoja mtu mzima alimwambia kwamba yeye alishajua ni mashine, hakuwa mjinga, na kwamba ndiyo pekee iliyomwuliza usiku kama amekula. Mwingine alimtaka aendelee kuongea tu, aseme lolote, ili aisikie.

Kwa kila kundi alieleza kuhusu kengele. Aliwafanya waisikilize, akarudia maana yake. Hakuweza kufika kila mahali.

Kabla mvua za kwanza hazijakolea, Gaudensia alimpigia simu. Hakumwamkia. Alisema kwamba kule Makete, katika kijiji kilicho mwisho wa barabara, Tulizo Sanga alijifungua nyumbani salama, akaanza kuvuja damu, na kengele ikalia. Gari liliitwa, lakini barabara ilikuwa imekatika na dereva aliomba mgonjwa abebwe hadi ng'ambo. Zamani Msiri angewaelekeza wenyeji hatua kwa hatua hadi msaada ufike. Safari hii, sauti nyingine ikiwa bado haijawekwa, palikuwa na mlio tu. Mama mkwe alidhani kidani kimeishiwa chaji, akakifunika kwa blanketi ili mzazi apumzike.

Gaudensia alitaja jina la mtoto, aliyekuwa mzima, kisha akakata.

Betrina alikwenda Makete kuzika. Alikaa na wanawake, akalia kama wengine, na hakujitambulisha. Njiani wakati wa kurudi alijaribu kujiuliza kama angerudi ofisini siku ile angesema neno lile lile. Kila alipofika kwenye jibu, Tulizo Sanga alikuwa amekaa hapo, na upande wa pili alikuwa amekaa Resta. Aliacha kujiuliza alipoona gari limefika kwake na abiria wengine wameshashuka.

*

Resta alituma ujumbe mwenyewe. Anataka kijiti kitolewe, na Betrina awepo.

Zahanati ya kijijini ilikuwa na muuguzi kijana, Edina Mgaya, mwenye mikono mizuri. Alikuwa ameandaa sinia, ganzi na kisu kidogo, na alimweleza Resta kwamba ni kazi ndogo, hatasikia maumivu. Betrina alisimama mlangoni. Alikuwa amekuja kwa sababu jina lake lilikuwemo kwenye ujumbe, lakini hakujua amekuja kufanya nini, na katika safari nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwomba Resta msamaha na kuyapangua.

Resta alikuwa amelala kitandani, mkono umenyooshwa, sweta limekunjwa hadi begani. Alisema kwamba amemwambia Kastori yote, la mtoto na la kijiti, kabla hajasikia kwa watu. Kastori alitoka nje akakaa kwenye kuni hadi jua likazama, kisha akaingia akala. Leo yuko nje anangoja. Zaidi ya hapo hajui.

Edina alichukua bomba la sindano.

"Afanye yeye," Resta alisema, akimwelekea Betrina kwa macho. "Ila asiseme kitu."

Edina alitaka kuuliza, akaona nyuso zao, akaacha. Alisogea pembeni na kumpa nafasi.

Betrina alinawa, akavaa glovu. Maisha yake yote kazi alikuwa ameifanya kwa mdomo kama alivyoifanya kwa mikono. Hakuwahi kumchoma mtu bila kumwambia sasa nakuchoma, wala kumkata bila kumwambia karibu tunamaliza. Alitafuta kijiti kwa ncha za vidole chini ya ngozi, akakipata. Sindano ilipoingia Resta alifumba macho, na machozi yakamtoka pembeni yakielekea sikioni. Maneno yalimjia Betrina yote, yamejipanga vizuri, yale yale. Aliuma meno. Alifungua tundu dogo, akasukuma taratibu kutoka upande wa pili hadi ncha nyeupe ikajitokeza, akaivuta kwa koleo, akabana jeraha kwa pamba mpaka damu ikakatika, akafunga bandeji.

Alikiweka kijiti kwenye sinia mahali ambapo Resta angeweza kukiona, kizima, ajue hakuna kilichobaki.

Resta alikitazama muda mrefu. Kisha akashuka, akavaa sweta mkono mmoja tu ili lisiguse bandeji, na kutoka. Nje Kastori alisikika akiuliza jambo, na Resta akimjibu, lakini walikuwa wameshaanza kutembea na maneno hayakufika ndani. Betrina alibeba sinia hadi kwenye beseni, akafungua bomba, akaanza kuosha vifaa kimoja kimoja.